Namna ya Kuipima Prosesa ya Kompyuta ya Mezani kwa Michezo na kwa Kazi

0. Utangulizi

Idara ya chuo kikuu inapotaka kununua kompyuta ya mezani, hati ya bei inayoletwa na mfanyabiashara aghalabu huwa na mistari michache tu: jina la prosesa, idadi ya gigahezi, idadi ya viini, na bei. Mistari hiyo ndiyo inayoamua matumizi ya fedha ambazo pengine hazitapatikana tena kwa miaka mitano. Nayo, kwa bahati mbaya, ndiyo inayosema machache kuliko yote kuhusu namna mashine itakavyofanya kazi siku itakapowashwa. Mwanafunzi anayejinunulia mashine ya kuandikia tasnifu mchana na kuchezea usiku yumo katika hali iyo hiyo, ila yeye hutoa fedha mfukoni mwake au mwa wazazi wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi prosesa inavyopimwa, na kwa nini prosesa moja inaweza kuwa bora katika michezo lakini ikapitwa katika kazi. Mfano mkuu ni prosesa mbili za kampuni ya AMD ya Marekani: Ryzen 7 5800X, iliyotolewa Novemba 2020, na Ryzen 7 5800X3D, iliyotolewa Aprili 2022. Zote mbili ziliingia sokoni kwa dola 449. Zote zina viini vinane na nyuzi kumi na sita, na zote zimejengwa kwa usanifu mmoja uitwao Zen 3. Zinatofautiana kwa mambo mawili yenye uzito: ya kwanza ina kashe ya ngazi ya tatu yenye megabaiti 32 na kasi inayofikia gigahezi 4.7, ya pili ina megabaiti 96 na kasi inayoishia gigahezi 4.5. Mwanaisimu atatambua hapa kitu kinachokaribia jozi ya mlinganuo finyu. Kama vile *pata* na *bata* zinavyomwezesha mtafiti kuonyesha kazi ya sauti moja kwa kuwa mengine yote yamebaki vile vile, ndivyo prosesa hizi mbili zinavyowezesha kuonyesha kazi ya kashe. Katika soko la kompyuta, ambamo kila bidhaa mpya hubadili mambo kumi kwa wakati mmoja, jozi ya namna hii ni nadra.

1. Neno kuhusu istilahi

Kiswahili cha kompyuta hakijatulia. Kwa mashine yenyewe, maneno *kompyuta*, *tarakilishi* na *ngamizi* yameshindana kwa miaka mingi, na la kwanza ndilo lililoenea katika usemi wa kila siku. Kwa sehemu inayozungumziwa hapa kuna *kichakataji*, *bongo kuu* na *prosesa*. Makala haya yanatumia *prosesa* kwa sababu ndilo neno analolikuta mnunuzi dukani. *Bongo kuu* lina kasoro nyingine: humfanya msomaji adhani kwamba kitu hiki hufikiri, ilhali hutekeleza amri moja baada ya nyingine, nyepesi sana kila moja, lakini kwa wingi usiohesabika.

*Kiini* ni sehemu ya prosesa inayoweza kutekeleza amri peke yake. *Uzi* ni mfululizo mmoja wa amri. Katika prosesa nyingi kiini kimoja hushika nyuzi mbili, kama mpishi mwenye vyungu viwili motoni: hana mikono minne, ila hakai bure chungu kimoja kinapongoja kuchemka. Ndiyo maana nyuzi kumi na sita si sawa na viini kumi na sita. *Kashe* ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, tofauti na kumbukumbu kuu iliyochomekwa kwenye ubao mama. *Gigahezi* huhesabu mapigo ya saa ya ndani: gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde.

2. Vipimo viwili vinavyopotosha

Kosa la kale kabisa ni kulinganisha prosesa kwa gigahezi. Machi 2000 AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi moja, na kwa miaka michache iliyofuata mashindano yote yalikuwa ya mapigo. Intel ilipotoa Pentium 4 mnamo Novemba 2000, ikiwa na gigahezi 1.4 na 1.5, ilikuwa imeugawa utekelezaji wa kila amri katika hatua nyingi fupi ili saa iweze kupiga haraka. Matokeo yake ni kwamba kila pigo lilifanya kazi ndogo zaidi. Katika majaribio kadhaa Pentium 4 hiyo ilishindwa na Pentium III ya gigahezi moja, yaani na mtangulizi wake mwenyewe. Njia hiyo iligonga ukuta wa joto. Mwaka 2004 Intel iliufuta mradi uliokuwa uendeleze ukoo huo, na mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo. Moja katika familia hiyo, E6600, ilipiga gigahezi 2.4 tu, nayo iliipita kwa jumla Pentium ya bei ghali iliyopiga 3.73.

Kasi ya kweli, basi, ni zao la mambo mawili: mapigo kwa sekunde na kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila pigo. Hati ya bei huonyesha la kwanza tu. La pili halimo katika namba yoyote inayoandikwa kwenye kisanduku, nalo hubadilika kutoka programu hadi programu.

Gigahezi zilipochakaa kama silaha ya biashara, zamu ikawa ya viini. Oktoba 2011 AMD ilitoa FX-8150, ikaitangaza kuwa ni prosesa ya viini vinane. Viini hivyo vilikuwa vimepangwa katika jozi nne, na kila jozi ilishirikiana sehemu muhimu, ikiwemo ile ya kukokotoa namba zenye desimali. Kama hivyo ni viini vinane au vinne vyenye nyongeza ni swali ambalo hatimaye lilifikishwa mahakamani huko Kalifornia. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 ili kuimaliza kesi. Inafurahisha, kwa msomaji wa taaluma ya lugha, kuona kwamba fedha hizo zilitolewa kwa sababu ya fasili ya neno moja.

Hata viini vinapokuwa vya kweli, kuongeza idadi yake hakuongezi kasi kwa uwiano ule ule. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967. Tuseme kazi fulani ina sehemu moja ya kumi isiyogawanyika, ambayo lazima ifanywe na kiini kimoja huku vingine vikitazama. Kwa viini vinane kazi hiyo itakwenda kwa kasi ya takriban mara 4.7 ya kiini kimoja. Vikiwa kumi na sita itakuwa mara 6.4. Idadi ya viini imeongezeka maradufu, lakini kasi imeongezeka kwa asilimia 36 tu. Na hata viini vikiwa elfu moja, kasi haitafika mara kumi. Anayenunua viini lazima kwanza aulize kazi yake inagawanyika kwa kiasi gani.

3. Umbali wa kumbukumbu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na inafaa kukaa kidogo. Prosesa ya leo ina njaa. Hukokotoa upesi mno kuliko inavyoletewa data za kukokotoa. Katika Zen 3, data iliyomo katika kashe ya ngazi ya kwanza, yenye kilobaiti 32 kwa kila kiini, hupatikana kwa takriban mapigo manne. Ngazi ya pili, yenye kilobaiti 512, huhitaji mapigo kama kumi na mawili. Ngazi ya tatu, inayotumiwa na viini vyote vinane kwa pamoja, huhitaji kama 46. Isipopatikana huko, prosesa hulazimika kwenda kwenye kumbukumbu kuu nje ya chipu, safari inayochukua nanosekunde kama 70 katika mashine ya kawaida. Kwa kasi ya gigahezi 4.5 nanosekunde hizo ni zaidi ya mapigo mia tatu.

Mtunga kamusi anayefanya kazi kwa kadi anaijua hali hii vizuri. Kadi iliyo mbele yake huisoma mara moja. Iliyo katika mtoto wa meza humgharimu kunyoosha mkono. Iliyo katika kabati la ukumbini humlazimu kusimama. Lakini kadi iliyobaki katika jengo jingine, ng'ambo ya mji, humpotezea asubuhi nzima, na hata awe mwepesi wa kuandika kiasi gani, wepesi huo haumsaidii akiwa njiani. Mtu kama huyo akipewa kabati la ukumbini lenye ukubwa mara tatu, ataandika vidahizo vingi zaidi kwa siku ingawa mkono wake ni ule ule, au hata kama umekuwa mzito kidogo.

Hivyo ndivyo wahandisi wa AMD walivyofanya na 5800X3D. Juu ya chipu ile ile ya viini vinane waliweka kipande cha pili cha silikoni, kilichobeba megabaiti 64 za kashe. Vipande hivyo viwili havikulehemiwa: vituo vidogo vya shaba vya kipande kimoja vimeungana moja kwa moja na vituo vya shaba vya kingine. Msomaji wa Lubumbashi, mji uliozaliwa na kukua kwa ajili ya madini hayo, atakuwa na sababu ya kutabasamu. Ngazi ya tatu ikafikia megabaiti 96, na umbali wa kuifikia uliongezeka kwa mapigo machache tu.

Faida hiyo ilikuwa na gharama. Silikoni iliyowekwa juu hulipa joto kazi zaidi ya kutoka, na kipande kile cha kashe hakivumilii volti kubwa. Kwa hiyo kasi ilishushwa, na mtumiaji alinyimwa ruhusa ya kuiongeza mwenyewe kama alivyoweza katika 5800X. Mnunuzi alipewa kabati kubwa na mkono mzito kidogo, kwa bei ile ile.

4. Katika michezo

Mchezo wa kompyuta ni kazi ya ajabu kidogo. Kila picha inayoonekana kwenye kioo ni lazima iandaliwe ndani ya muda maalumu. Ili picha 60 zionekane kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7, ili ziwe 144, kila moja ina milisekunde 6.9 tu. Ndani ya muda huo prosesa hupitia maelfu ya vitu vya ulimwengu ule wa kubuni: huyu askari yuko wapi, ile gari imegonga nini, mlango ule umefunguliwa na nani. Data za vitu hivyo zimetawanyika katika kumbukumbu, na mara nyingi prosesa haijui itakwenda wapi mpaka iwe imesoma ilichotumwa kusoma kwanza. Kubashiri mapema hakuwezekani vizuri. Kazi inayosafiri hivyo ndiyo inayofaidika na kashe kubwa.

AMD yenyewe ilidai, ilipoitangaza prosesa hii Januari 2022, kwamba kwa wastani ingeipita Ryzen 9 5900X, yenye viini kumi na viwili na bei kubwa zaidi, kwa asilimia kama 15 katika michezo. Madai ya muuzaji hupokelewa kwa tahadhari, lakini wapimaji huru walipoipata mikononi walithibitisha mwelekeo huo. Walichokionyesha zaidi ya hapo ni kwamba wastani huo huficha tofauti kubwa. Microsoft Flight Simulator na Factorio, ambazo huiga ulimwengu wenye vitu vingi mno, zilifaidika sana. Counter-Strike: Global Offensive, mchezo wa miaka mingi ambao data zake za lazima zilikuwa zimetosha katika kashe ndogo, haikupata chochote cha kutajwa. Anayecheza huo wa mwisho tu hakuwa na haja ya megabaiti zile 64.

Kuna mtego mwingine hapa. Picha haichorwi na prosesa bali na kadi ya michoro. Prosesa huamua nini kichorwe. Wawili hawa hufanya kazi kwa kufuatana, na aliye mzito zaidi ndiye anayeamua mwendo wa wote. Kioo chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600 za kuchora. Chenye 3840 kwa 2160 kina mara nne yake. Kwenye kioo hicho cha pili kadi ya michoro ndiyo hulemewa, na prosesa kumi tofauti zaweza kutoa matokeo yanayofanana kabisa. Ndiyo maana wapimaji hutumia kioo chenye nukta chache na kadi yenye nguvu kuliko zote: wanataka prosesa ndiyo iwe kikwazo, ili ionekane. Wasomaji wengi huwashutumu kwa hilo, wakisema hakuna anayecheza hivyo. Shutuma hiyo haina msingi kwa upande wa kipimo, kwa sababu anayepima urefu wa mtu humwomba avue kofia. Ina msingi kwa upande wa mnunuzi: mwanafunzi mwenye kadi ya michoro ya bei nafuu asitarajie kuziona kwake tofauti alizozisoma. Kwake dola mia mbili zitafaa zaidi zikitumika kwenye kadi.

Hatimaye, idadi ya picha kwa sekunde nayo ni wastani. Sekunde moja yenye picha 60 yaweza kuwa na picha 59 zilizotoka upesi na moja iliyochelewa hadi mkono ukahisi mkwamo. Scott Wasson wa The Tech Report alionyesha mwaka 2011 kwamba ni bora kupima muda wa kila picha kuliko kuhesabu picha za sekunde nzima, na tangu hapo wapimaji makini huandika pia thamani ya ile asilimia moja ya picha zilizokuwa mbaya kuliko zote. Ripoti isiyo na namba hiyo haijamaliza kazi yake.

5. Katika kazi

Neno *kazi* katika ripoti za prosesa lina maana finyu inayoweza kumpotosha mwalimu wa chuo. Wapimaji hutumia Cinebench na Blender, ambazo hutengeneza picha za vipimo vitatu, hubana mafaili, hugeuza video kutoka umbo moja hadi jingine, hujenga programu kubwa kutoka katika msimbo wake. Hizi ni kazi zinazogawanyika vizuri kwa viini vingi, na data zake nyingi hufuatana kwa mpangilio, hivi kwamba prosesa huzileta karibu kabla hazijahitajika. Kabati kubwa halisaidii sana pale kadi zinapoletwa na mtumishi kwa utaratibu. Kinachobaki ni wingi wa viini na mapigo ya saa. Kwa hiyo 5800X3D ilipitwa na pacha wake katika kazi hizo kwa asilimia chache, takriban kiasi cha kasi iliyopunguzwa. Na zote mbili zilipitwa mbali na Ryzen 9 5950X ya viini kumi na sita.

Hata hivyo si halali kusema kwamba kashe ni ya michezo na viini ni vya kazi. Machi 2022 AMD iliweka kashe ya namna hiyo hiyo katika prosesa za mashine kubwa za seva, hadi megabaiti 768 kwa prosesa moja, kwa ajili ya wahandisi wanaokokotoa mwendo wa hewa na maji. Ukokotoaji huo husafiri katika kumbukumbu kama mchezo unavyosafiri. Kinachogawanya ni tabia ya programu, na jina la shughuli halina uzito hapo.

Je, katika idara ya lugha na fasihi kazi ni nini? Kuandika matini na kusoma barua hakuihitaji prosesa yoyote kati ya zilizotajwa. Mashine ya miaka kumi iliyopita yenye diski isiyozunguka hutosha. Kupanga kitabu kwa programu ya TeX hutumia uzi mmoja, kwa hiyo viini kumi na vitano katika kumi na sita vitalala. Takwimu zinazofanywa kwa R, zisipoandikwa makusudi kwa ajili ya viini vingi, kwa sehemu kubwa ni vivyo hivyo. Kubana mafaili ya mamia ya saa za hadithi simulizi, yaliyokwisha kuingizwa katika kompyuta kutoka kwenye kanda, hugawanyika kwa urahisi, kwa kuwa kila faili ni kazi inayojitegemea: hapo viini vinane hufanya kazi ya wanane. Idara yenye hazina kubwa ya mafaili ya namna hiyo ina hoja ya kununua viini. Idara isiyo nayo haina, na afadhali fedha hizo ziende kwenye kumbukumbu kuu na kwenye diski ya pili ya kuhifadhi nakala.

Jambo dogo lakini la gharama: 5800X na 5800X3D hazina uwezo wowote wa kuchora picha kwenye kioo bila kadi ya michoro. Anayezinunua kwa ofisi hulazimika kununua kadi juu yake. Ryzen 7 5700G, yenye viini vinane pia, ina sehemu ya michoro ndani yake, na kwa ofisi ndiyo iliyokuwa chaguo la busara katika kizazi hicho.

6. Wastani gani?

Ripoti nyingi huishia na namba moja inayodai kukusanya majaribio yote. Inafaa kuuliza imekusanywaje. Tuseme prosesa ya kwanza ni mara mbili ya ya pili katika mchezo, lakini ni nusu yake katika kazi. Anayechukua ya pili kuwa kipimo atapata 2 na 0.5, na wastani wa kawaida ni 1.25: ya kwanza imeshinda kwa asilimia 25. Anayechukua ya kwanza kuwa kipimo atapata 0.5 na 2, na wastani ni 1.25 vile vile: sasa ya pili ndiyo iliyoshinda kwa asilimia 25. Namba hazikubadilika, aliyebadilika ni mwandishi. Philip Fleming na John Wallace walionya mwaka 1986 kwamba uwiano wa namna hii hupaswa kukusanywa kwa wastani wa kijiometri, yaani kuzidisha kisha kutafuta kipeo cha mzizi, ambao katika mfano huu hutoa 1 kwa pande zote mbili.

Lakini hata wastani sahihi hautamsaidia mtu ambaye matumizi yake si ya wastani. Anayecheza saa moja na kujenga programu saa saba hana haja na namba inayozipa shughuli hizo uzito sawa.

7. Umeme, joto na uaminifu

Namba ya wati iliyoandikwa kwenye kisanduku nayo isichukuliwe kama ilivyo. 5800X huandikwa wati 105, lakini ubao mama huiruhusu kufikia 142. Mshindani wake wa Novemba 2021, Core i9-12900K ya Intel, ilitangazwa waziwazi kufikia wati 241 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Tofauti ya wati 100 kwa saa nane kwa siku, siku 250 za kazi, ni kilowati-saa 200 kwa mwaka kwa kila mashine. Mahali ambapo umeme hukatika na mashine hushikiliwa na betri au jenereta, tofauti hiyo huhesabiwa kwa dakika ambazo mtumiaji anapata za kuhifadhi faili lake. Isitoshe, majaribio hufanyika katika vyumba vyenye ubaridi. Chumba kikiwa na nyuzijoto kumi zaidi, prosesa nayo hupanda karibu kwa kiasi hicho, na iliyopimwa ikiwa karibu na kikomo chake, kama 5800X3D ambayo kikomo chake ni nyuzi 90, itapunguza mwendo yenyewe ili isijiunguze.

Kuna kipimo kingine ambacho huachwa kwa sababu hakionekani siku ya kwanza: kwamba jibu liwe sahihi. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Lynchburg College huko Virginia, aligundua kwamba Pentium ilikosea katika kugawanya namba fulani. Alikuwa akikokotoa kuhusu namba tasa pacha, na matokeo ya mashine zake hayakulingana. Intel kwanza iliona jambo hilo ni dogo. Desemba mwaka huo ilikubali kubadilisha prosesa zote zilizodaiwa, ikatenga dola milioni 475. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2024, kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea volti iliyozidi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Watumiaji wengi walikuwa wameilaumu kadi ya michoro, kwa kuwa mchezo ulipokwama ulitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha, ilhali kosa lilikuwa la prosesa. Hakuna jaribio la siku mbili ambalo lingeligundua. Kwa mnunuzi wa mbali, ambaye kurudisha bidhaa ni safari ya miezi, ni afadhali prosesa ambayo imekwisha kaa sokoni mwaka mmoja.

8. Baada ya jozi hiyo

Utengano kati ya michezo na kazi umepungua tangu wakati ule. Katika Ryzen 7 9800X3D, iliyotolewa Novemba 2024 kwa dola 479, kipande cha kashe kimehamishwa chini ya viini. Joto la viini hutoka bila kizuizi, kasi hufikia gigahezi 5.2, na mtumiaji amerudishiwa ruhusa ya kuiongeza. Ryzen 9 9950X3D ya Machi 2025, kwa dola 699, ina viini kumi na sita, lakini kashe ya ziada iko upande mmoja tu wa viini vinane. Mfumo endeshi ndio unaopaswa kuupeleka mchezo upande unaofaa, na ukikosea, faida hupotea. Intel nayo, kwa Core Ultra 9 285K ya Oktoba 2024, ilipunguza matumizi ya umeme na kufanya vizuri katika kazi zenye nyuzi nyingi, lakini katika michezo iliachwa nyuma hata na prosesa yake yenyewe ya kizazi kilichotangulia.

Kwa yule mwenye mashine ya zamani hesabu ni nyingine. Ubao mama wa aina ya AM4 ulionunuliwa mwaka 2017 pamoja na Ryzen ya kwanza waweza, baada ya kusahihishiwa programu yake ya msingi, kuipokea 5800X3D katika tundu lile lile, pamoja na kumbukumbu ile ile ya DDR4. Prosesa hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 2024, na inayopatikana sasa aghalabu ni iliyokwisha tumika. Anayeiuza aombwe kuiwasha mbele ya mnunuzi, na jina lisomwe ndani ya mfumo endeshi, si juu ya kifuniko cha chuma, kwa maana kifuniko hukwanguliwa na kuandikwa upya.